Kwenda Msituni na Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Tabora, na kwetu miti ina desturi zake. Kiangazi kikikolea inavua majani yote, inabaki mitupu kama imefiwa, halafu kabla hata tone la mvua halijaanguka inachipua majani mekundu, pori zima linawaka. Basi nilipopangiwa kazi ya ualimu Tukuyu, na baadaye nikaolewa hukuhuku, kila Septemba nilikuwa nikitazama mlima Rungwe nikingoja miti ivue. Ngoja, ngoja, wapi! Mama mkwe alinicheka mpaka akakaa chini.

"Majani ya huku hayana likizo, mwanangu," alisema. "Hata mvua yenyewe haina likizo."

Lakini kichwa changu ni kigumu, na sipendi kuchekwa. Mwaka nilipopata kamera ya mtumba, yenye lenzi ya kuvuta vitu vya mbali na kioo kipana mgongoni, niliapa kwamba ukungu ukipungua tu, ningepanda kule msituni nikapige picha za miti, za mabonde, na zaidi ya yote za kipunji. Kipunji ni kima wa milima hii. Ana manyoya marefu ya kahawia, kishungi kichwani, na uoga usio na mfano. Watu wanazaliwa chini ya mlima, wanazeeka, wanazikwa, na hawajamwona. Mimi nilitaka uso wake, mkubwa, niutundike ukutani sebuleni kwetu Bulyaga, pale Tukuyu mjini, kila mgeni akiingia aulize.

Nilitangaza mpango wangu jikoni kwa mama mkwe, kijijini Lupepo, siku tuliyokwenda kusalimia. Hapo lazima nisimame nieleze jambo. Kwa Wanyakyusa wa kizamani, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapishani njiani. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, anajitosa kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi familia nyingi zimelegeza kamba, watu wanakaa benchi moja kanisani na hakuna anayeshangaa. Baba mkwe wangu hakulegeza hata kidogo. Mwanzoni niliona ni dharau. Nilinuna, nikamwambia mume wangu kwamba kwetu baba mkwe ni baba, unampelekea maji ya kunawa na unampigia magoti. Akanijibu, "Huku anayekuheshimu anakukimbia." Jamani! Lakini ndoa ni kuzoea. Tangu niolewe, mzee yule nilimjua kwa kikohozi. Khoo! moja la nguvu, maana yake napita, jifiche. Nami nikajifunza kukohoa vilevile.

Basi niko jikoni nasimulia habari za kipunji, na mzee yuko barazani, upande wa pili wa ukuta. Nikasikia sauti: "Mwambie mkamwana, na mimi nakwenda."

Nilidhani utani. Nikacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliendelea kuchochea moto, kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa. Lililobaki lilikuwa linaona vitu vya karibu tu, tena kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba nalo litaondoka, dawa ni ya kulichelewesha tu. Wakati wa ujana wake, alipotumwa kukata mianzi, alikuta familia ya kipunji inaota jua juu ya mti. Akakaa chini kuwatazama, mianzi akaisahau kabisa, nyumbani akala viboko. Hakuwahi kuwaona tena.

"Anasema akimwona mara moja tu, basi, giza lije," mama mkwe akamaliza.

Niseme kweli, nilikasirika. Nilikuwa na mpango wangu mzuri, na sasa naongezewa mzee asiyeona, mlima, tope, utelezi, tena mzee ambaye hata mkono simshiki! "Sasa akiteleza nitamdaka na nini, mama? Na kikohozi?" Mama mkwe akacheka, akacheka, mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, na aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha. Nikasema haya, twende. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Safari ikaanza kupangwa kupitia ukuta. Mimi nasema, "Mama, naomba umuulize baba twende saa ngapi, mimi naona alfajiri." Kabla mama hajafungua mdomo, ukuta unajibu: "Mwambie alfajiri atapiga picha ya ukungu. Tufike juu jua linapopasua. Wakilowa na umande wanatoka kujianika." Mimi: "Mwambie baba nimepata koti zuri la mvua." Ukuta: "La nailoni? Linalia kwarakwara? Alivue." Na sabuni za kunukia nisioge siku hiyo. Na hiyo stendi ya miguu mitatu ya nini, tunakwenda kupima kiwanja? Hapo nikapanda sauti. Nilisema mwambie baba kwamba bila stendi picha inatikisika, na mimi stendi yangu siiachi, hata ikibidi nibaki nayo kwenye geti la hifadhi. Halafu ukuta ukasema, "Mwambie aibebe mwenyewe." Mama mkwe akageuza maharage kwenye sufuria, akasema, "Mmesikiana. Mimi niacheni nipike."

Kibali cha kuingia hifadhini nilikifuatilia mwenyewe, na mwongoza watalii nikampata, baba mmoja mpole mwenye buti za mpira. Kazi ilikuwa kumweleza utaratibu wa kutembea. Yeye mbele, mzee nyuma yake ameshika ncha ya fimbo, na mimi nyuma kabisa. Mama mkwe alikuwa ameamua, baada ya kufikiri sana, kwamba mgongo si uso. Mzee akitaka kusimama au kugeuka anakohoa, mimi naingia kichakani. Mwongozaji alitusikiliza, akajikuna kidevu, akasema amewahi kupandisha watu wa kila namna, lakini hawa wa leo ni wapya.

Siku yenyewe baba mkwe alikaa mbele kwenye pikapu na mimi nikakaa nyuma kwenye bodi, nimejifunika khanga mbili na sweta, baridi inanitafuna masikio. Tulipita mashamba ya chai, tukapita migomba ya mwisho, tukashuka garini. Na tulipoingia chini ya miti, hasira zangu zote, za koti, za stendi, za kila kitu, ziliniishia mwilini.

Sijui nisemeje. Nimefundisha misitu ya milimani miaka na miaka, nimeichora ubaoni kwa chaki ya kijani. Loo! Sikuwa najua chochote. Miti ilikuwa mikubwa hivi kwamba watu wanne wasingeikumbatia wakashikana mikono, na kila mti umevaa kuvu na majani ya miti mingine, mpaka huoni gome. Ndevu za kijivu zinaning'inia matawini na kila unywele una tone lake la maji. Hakuna upepo, lakini juu kabisa kitu kinasogea. Ukungu ukapita kati yetu taratibu, ukamfuta mwongozaji, ukamfuta baba mkwe, nikabaki peke yangu na kishindo cha moyo wangu. Nilitaka kupiga magoti. Ukungu ukaondoka, na mgongo wa mzee ulikuwa palepale, kofia ameishika mkononi kama yuko kanisani.

Jua likapasua kama alivyosema. Mwanga ukashuka vipande vipande, na mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye kila jani. Ndipo tukasikia sauti juu, nzito, ya kukoroma na kubweka kwa pamoja, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama yeyote. Mwongozaji akatuonyesha mkono tubaki, akamwachia mzee fimbo, akazunguka upande wa korongo aangalie wanaelekea wapi. Tukabaki sisi wawili. Mzee amesimama, mimi hatua chache nyuma, na katikati yetu hakuna mama mkwe.

Wakatoka. Mungu wangu, wakatoka! Kwanza mmoja, kisha kundi, kwenye tawi refu lililopigwa na jua. Dume likakaa likatuelekezea kifua, kishungi kimesimama, ndevu za mashavuni zinang'aa. Jike likambeba mtoto wake tumboni na kuanza kumchambua manyoya kana kwamba hatupo. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kulia, na mikono ilikuwa inafunga kamera kwenye stendi yenyewe bila kuniuliza.

"Wako wapi?" mzee alisema. Alikuwa ameinua uso juu, anaugeuza huku na huku, na alikuwa anautafuta upande usio wenyewe kabisa. "Nawasikia. Wako wapi?"

Hakumwuliza mtu. Hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Nami siwezi kumjibu moja kwa moja, na siwezi kukaa kimya. Kulikuwa na mti mkubwa kando yangu. Nikauambia mti, "Mwambie baba kwamba wako juu, kushoto. Mwambie asubiri kidogo."

Nikamleta yule dume kwenye kioo, nikamvuta mpaka akajaa, uso mweusi, macho ya kahawia, kope. Ningebonyeza tu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini ningebonyeza, kioo kingezima kidogo, kamera ingelia, na kima angeweza kuruka. Nikaondoa kidole. Nikauambia mti, "Mwambie baba kamera iko tayari, aje asogeze jicho karibu na kioo, asiiguse." Nikarudi nyuma ya shina, nikakohoa.

Nilisikia fimbo, kisha miguu, kisha kimya. Nikachungulia. Mgongo wake ulikuwa umeinama, jicho lake liko karibu kugusana na kioo, mikono ameifunga nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika vitu vya watu. Mabega yakaanza kutikisika. "Ndaga," akasema, asante, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ukutani. "Ndaga fijo." Alisema hivyo mara nyingi. Sijui alikuwa anamwambia kipunji, au Mungu, au mti. Mimi nililia waziwazi, nimeegemea shina lenye kuvu na maji, blauzi imelowa mpaka mgongoni.

Tawi likatikisika. Walipokwisha kwenda, msitu ulibaki na jua peke yake. Picha ya kipunji sikuwa nayo, hata moja.

Mzee hakunyanyuka. Alibaki ameinama kwenye kioo ambacho sasa kilikuwa na majani tu. Kisha akasema, "Uambie mti umwambie mkamwana. Hiyo mashine yake inaweza kumwonyesha mtu yeyote?"

"Mwambie baba inaweza."

"Basi ajipige mwenyewe. Aniwekee hapo, halafu ajifiche."

Picha yangu haijawahi kuingia kwenye nyumba ya mzee yule, hata ya harusi, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuipeleka. Nikakohoa, akanipisha kwa kugeukia korongo. Nikachukua kamera, nikaigeuza, nikajipiga nikiwa na machozi na kuvu kwenye nywele, kwa sababu nilijua nikianza kujifuta nitakosa ujasiri. Nikairudisha kwenye stendi. Nikajificha.

Aliniangalia muda mrefu. Muda mrefu kuliko aliomwangalia kipunji. Mimi nyuma ya mti nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. Hakuuambia mti.

"Ndiye mimi, baba," nikamjibu.