Udongo Mwekundu Usioshika Maji

Watu walimwita Mzee Mashimo, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake katika ofisi ya malisho ilikuwa kuchimba shimo la kimo cha mtu, kushuka ndani yake na kuusoma ukuta. Alichokoa tabaka kwa kisu, akapima kwa futi, akahesabu mizizi. Kisha alichukua bonge dogo la udongo, akalilowesha kwa mate, akalikanda, akalisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka litoke kama utepe. Utepe mfupi, mchanga umezidi. Utepe mrefu, ni udongo wa mfinyanzi. Mkewe alizoea kumwambia, "Wewe siku ukifa utaomba jeneza lisimame kwanza ukague kaburi." Alicheka kila mara, maana ilikuwa kweli.

Katika udongo wote aliousoma, hakuna alioupenda kama ule mwekundu wa mgongo wa kilima, palipokuwa na malisho. Ulikuwa na rangi ya maini yaliyopikwa. Chini yake kulikuwa na basalti, ule mwamba mweusi unaoachwa na volkano, lakini ili uufikie ulihitaji kuchimba kimo cha mtu na nusu, na hata hapo ulikutana kwanza na mawe yaliyooza, yanayovunjika kwa vidole kama biskuti ya zamani. Juu ya hapo palikuwa na udongo mtupu, wa chembechembe, wenye vinjia vya mchwa na mizizi ya nyasi kutoka juu hadi chini. Mvua kubwa ikinyesha alasiri, kabla jua halijazama ulipita na viatu vyako safi. Maji yalikuwa yameshuka, yakawekwa chini kwa ajili ya nyasi. Miaka kumi na moja kabla ya hapo aliandika kadi ya udongo huo kwa mkono wake mwenyewe: *Una kina kirefu. Unapitisha maji vizuri.*

Kadi hiyo ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka kwenye meza yake, siku alipotia sahihi.

Wafugaji walikuwa wameomba lambo la kukinga maji ya mvua kwa mifugo. Walilitaka bondeni, kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kujifunga wenyewe. Mkuu wa ofisi akalitaka kilimani, kando ya barabara, wageni walione bila kushuka kwenye gari. Ilibaki fomu moja tu, ile ya mpimaji udongo. Wakamletea sampuli katika mfuko wa plastiki. Goti lilikuwa linamuuma wiki ile, na kilima kilikuwa kilima. Akafungua mfuko mezani, akalowesha bonge, akakanda. Utepe ukatoka mrefu kuliko kidole.

"Mfinyanzi mzito," akasema, na akaandika hivyo, na chini yake: *Unafaa kwa lambo.*

Mtu asiyeijua kazi hii angesamehewa. Udongo ule ni mfinyanzi kweli, ila umejigawa chembe kwa chembe, na kati ya chembe mna njia za maji tele. Ukiukanda mkononi unaziua zile chembe, halafu unausifia kwa kuzuia maji, ubishi ambao umeutia wewe mwenyewe. Ndiyo maana hukumu ya maji haitolewi mkononi. Unakwenda mahali penyewe, unachimba, unamwaga ndoo ya maji, unakaa na kutazama. Mzee Mashimo alikuwa akiwafundisha hayo waajiriwa wapya katika siku yao ya kwanza. Hakuhongwa. Hakutishwa. Alizembea, basi, na uzembe wa mtu anayejua hauna tofauti kubwa na uongo.

Mvua fupi zikaja, lambo likajaa, picha zikapigwa. Majirani wengi walihamia mtoni na mifugo yao kama ilivyokuwa desturi yao baada ya mvua hizo. Dada yake mkubwa, mjane mwenye ng'ombe kumi na tisa, hakuhama. Nyumba nne nyingine zikabaki naye. Walipomuuliza ana hakika gani, aliwajibu, "Mdogo wangu ametia sahihi. Mnataka nini tena?"

Siku ya tano maji yalikuwa yamepungua nusu. Siku ya kumi na moja yalikuwa tope. Siku ya kumi na tano palikuwa pakavu, na nyayo za ng'ombe zimeganda sakafuni. Waliosalia waliingojea mvua ya pili, wakichota maji kwenye bomba la kituo cha malisho, mwendo wa saa moja, kwa ndoo.

Wiki tatu zilipopita mkuu wa ofisi alimwita. "Nenda katulize watu. Waambie mvua ya pili itaziba nyufa, waendelee kungoja. Wewe wanakuamini."

Akaenda asubuhi, na koleo, futi na kisu. Alipanga kusema alivyoagizwa. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

Aliwakuta watu kama kumi ukingoni mwa lambo. Ng'ombe walikuwa wamesimama vichwa chini, mbavu zao zinahesabika ukiwa mbali. Mchungaji mmoja mrefu, aliyeitwa Kipara ingawa alikuwa na nywele, alimpokea kwa sauti kubwa.

"Karibu, Mzee Mashimo! Safari hii umekuja kuchimba au kuogelea?"

Hakuna aliyecheka. Dada yake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ndama amelalia miguu yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema ulichokuja kusema, wanyama hawana muda."

Aliyaacha maneno aliyoyapanga. Alishuka katikati ya lambo akaanza kuchimba. Udongo ulikubali koleo bila kinyongo, kama alivyoukumbuka. Alipofika kiunoni alipitisha kisu ukutani. Mizizi. Vinjia vya mchwa. Chembe juu ya chembe, zinadondoka kwa kuguswa tu. Alitafuta tabaka moja, hata la unene wa kiganja, ambalo lingezuia maji. Akachimba mpaka kifuani. Hakuliona.

"Dada," akaita kutoka chini. "Nahitaji maji. Ndoo moja."

Ndoo ilikuwa moja tu pale, na dada yake alikuwa ameikalia.

"Haya ni ya ndama."

"Najua."

"Unajua kina nani wamekwenda kuyachota, na saa ngapi?"

"Najua, dada. Bila hayo nitawaambia ninachodhani tu. Kudhani nimeshawadhania mara moja."

Dada yake aliinuka, akamsogeza ndama kwa mguu, akaishusha ndoo kwa mikono yake mwenyewe. Mzee Mashimo alisawazisha sakafu ya shimo, akapanda juu, akayamwaga polepole. Maji yalitulia yakiwa mekundu, yakaonyesha kipande cha mbingu.

Kipara alikuwa ameanza kusokota tumbaku. Kabla hajalamba karatasi, sakafu ya shimo ilikuwa inaonekana.

"Yamekwenda," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Ndama akanusa ndoo tupu. Hapo Mzee Mashimo akavua kofia.

"Lambo hili halitashika maji. Mvua ya pili haitaliziba, wala ya kumi. Nimetumwa niwaambie mngoje. Msingoje. Udongo huu naujua tangu zamani, niliuandika mimi, na nilitia sahihi bila kutoka ofisini. Kosa ni langu. Ondokeni leo, wakati bado wanatembea. Mtoni ni siku tatu."

"Wiki tatu zilizopita ilikuwa siku tatu," dada yake akasema. "Kwa ng'ombe hawa ni tano. Hilo nalo hukulipima?"

Yule mjane hakulia wala hakutukana. Alipita katikati ya ng'ombe wake, akiwagonga mgongoni mmoja mmoja kwa fimbo, akiwaita kwa majina. Kumi na sita walipiga hatua. Watatu hawakunyanyua mguu, na mmoja wao alikuwa yule jike mweupe aliyekamuliwa maziwa ya wajukuu wote wa nyumba ile. Alisimama mbele ya huyo, akamfuta matongotongo kwa upindo wa kanga. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Hawa nakuachia."

"Dada, mimi sina hata zizi."

"Ndoo unayo."

Wakaondoka kabla ya saa sita, nyumba zote tano, vumbi jekundu likiwafuata. Ndama alibebwa begani na Kipara.

Mzee Mashimo alilifukia shimo lake, kama wafanyavyo wapimaji, udongo wa chini kwanza na wa juu mwisho, ili mnyama asivunjike mguu. Kisha akaenda ofisini, akaandika barua moja kwa mkuu wake na nakala kwa mkuu wa mkuu wake, akaeleza alichofanya bila kumtaja mwingine. Jibu lilikuja siku iyo hiyo: asirudi kazini mpaka aitwe. Hakuitwa.

Akahamia kilimani na turubai. Kila siku alikwenda bombani mara nne, goti likilia, akirudi na ndoo mbili. Wa kwanza alikufa siku ya pili. Jike mweupe alifika siku ya sita. Asubuhi yake alikunywa vizuri, akamlamba mkono, na alasiri akalala upande.

Alikuwa katikati ya lambo akichimba shimo la kumzika, ndipo mpeleka barua wa ofisi akapita kwa baiskeli akitokea mtoni.

"Dada yako kanipa neno."

"Kasemaje?"

"Kasema wamefika kumi na moja."

"Na nini tena?"

"Basi. Kumi na moja."

Salamu hakutuma. Mpeleka barua akapanda baiskeli, akaondoka.

Mzee Mashimo akarudi shimoni. Alipofika kichwani, koleo lilianza kutoa udongo mzito, wa baridi. Akachukua bonge, akalibana. Lilikuwa na unyevu, bichi kabisa, limeshikwa na vimizizi vyembamba kama nywele. Maji ya lambo hayakuwa yamekwenda mbali. Yalikuwa pale pale, chembe kwa chembe, kimo cha mtu chini ya midomo ya ng'ombe, yakiyasubiri majani.

Juu yake, yule wa tatu alikuwa akigonga ndoo tupu kwa pua. Akaliweka bonge chini, akapanda, akaishika ndoo.