Kadi Zangu za Koo

Miaka ile ya wakimbizi wa Burundi nilihamishiwa maktaba ya Kigoma nikitokea Moshi. Nilikuja na sanduku moja la nguo na ugonjwa wa kupenda mpangilio. Kitabu kikikaa kichwa chini, chai hainishuki. Mhudumu wetu, mzee wa Kiha mzaliwa wa Kidahwe, alinizoea upesi. Akinikuta nimenuna asubuhi alijua kuna rafu imevurugwa.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kona niliyoianzisha mwenyewe kando ya dirisha. Palikuwa na ramani kuukuu za ziwa, magazeti yaliyojalidiwa, na madaftari ya wazee wa Ujiji waliosimulia nani alikuja na nani, na kwa nini hakurudi kwao. Chini yake zilikaa droo za kadi za koo. Mtu alikuja, akataja wazazi wake na walikotoka, nami nikaandika. Watu wa Ujiji walikuja kutafuta ushahidi kwamba babu yao alitangulia kujenga kuliko babu wa jirani, na wakiukosa walinilaumu mimi. Baadaye habari zikafika makanisani na kambini, Warundi nao wakaanza kuja. Wao hawakuwa na haja ya sifa. Walitafuta ndugu.

Kadi ilikuwa na mistari miwili ya majina: jina la mtu na jina la ukoo. Niliichora mwenyewe, na niliionea fahari. Kwetu mlimani jina la ukoo ni la wote, kuanzia babu hadi kitoto cha jana, na nilishaamini kwamba ndivyo dunia nzima ilivyo.

Asubuhi moja akaja mama wa makamo kutoka kambini, na kibali cha kuja hospitali kilichokuwa kinaisha kesho yake. Alisema kifua kimeshapimwa. Saa zilizobaki alitaka kumtafuta mdogo wake wa kiume. Walivuka ziwa pamoja, yeye msichana mkubwa, yule mtoto wa miaka saba. Waliposhukia Kibirizi watu wakapakiwa kwenye malori, yeye akapandishwa hili na mdogo wake lile. Tangu siku hiyo hakumwona tena. Ndugu wengine hakuwa nao.

Nilichukua kibali chake, nikanakili majina mawili yaliyoandikwa pale, nikafungua droo. Hakuna kitu. Akanitajia jina la mdogo wake, nalo halikuwemo. Hapo nikagundua kwamba majina yao hayafanani hata kidogo, nikaanza kumhoji kama karani wa mahakama. Baba yenu ni mmoja? Ndiyo. Na mama? Mmoja pia. Basi nikamwambia, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, kwamba watoto wa baba mmoja hawawezi kuwa na koo mbili, na kwamba mimi nina kazi nyingi. Alikunja kibali chake vipande vinne, akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni. Naona haya mpaka leo.

Mzee aliegemeza ufagio ukutani, akanijia.

"Mama, umemuuliza baba yake aliitwa nani?"

Nikamjibu kwamba jina la baba liko kwenye kibali. Akatikisa kichwa. Akanieleza taratibu kwamba kwao Waha, na kwa Warundi vilevile, kila mtoto hupewa jina lake peke yake, kufuatana na yaliyokuwapo nyumbani siku alipozaliwa. Mmoja ataitwa shukrani, anayemfuata ataitwa ugomvi wa baba na majirani. Tumbo moja linaweza kuzaa majina saba, na hakuna hata moja la ukoo. Nilimuuliza kwa nini ameniacha niandike upuuzi siku zote hizo.

"Nilidhani ndio utaratibu wa serikali," akasema.

Nilimfuata yule mama pale kwenye benchi, nikamwomba radhi, nikamuuliza jina la baba yake na kilima walichotoka, maana Warundi hutaja kilima kama sisi tunavyotaja kijiji. Kadi ilikuwa droo ya tatu, kwa mwandiko wangu. Ilikuwa ya fundi wa nyavu wa Kibirizi, mkazi wa Kasingirima, aliyekuja mwaka uliotangulia bila karatasi yoyote. Nilikuwa nimemuuliza ni mtoto wa nani, akamtaja baba yake, nami nikaliandika hilo kuwa jina la ukoo. Mbele yake niliweka jina la ubatizo alilopewa na familia iliyomlea, ambalo dada yake asingeweza kulijua. Kilima kilikuwa kilekile. Chini kabisa niliandika: anamtafuta dada yake.

Mzee akapanda baiskeli kumfuata yule fundi. Yule mama hakutaka chai. Aliniuliza tu kama mdogo wake ni mrefu, nami nikashindwa kukumbuka.

Kijana aliingia na vipande vya nyuzi suruali nzima, akaniamkia shikamoo, kisha akamwona. Hawakukumbatiana. Dada alisimama, akamuuliza kwa Kirundi, mzee akinitafsiria sikioni: wewe ni wa nani? Akamtaja baba. Na huyo ni wa nani? Akamtaja babu. Zaidi ya hapo akakwama, maana alitenganishwa na watu wake angali mdogo. Basi dada akapokea, akataja baba wa babu, na baba yake huyo, na wengine, kidole kimoja kimoja, hadi wakatimia saba. Halafu akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, na mzee akaninong'oneza kwamba ndilo lile la ugomvi wa majirani. Kijana akaketi sakafuni, akalia, dada akamfunika kichwa kwa kitenge chake. Nililia na mimi, kwa furaha na kwa hasira juu ya nafsi yangu.

Kesho yake kibali kiliisha, na mdogo wake alipanda naye lori kumsindikiza. Masika yote mimi na mzee tulichora kadi upya, tukizipanga kwa kilima na kwa baba, na ndugu wengine wakaonana. Lakini siku ile, kabla hawajatoka, nilichukua kalamu nikamwomba dada anitajie jina la mdogo wake polepole, niliongeze kwenye kadi. Aliyenijibu ni kijana, bila kinyongo.

"Nilikutajia, mama. Ulisema mistari imejaa."