Breki mpya, na mama mkwe nyuma

Jamani, nitamwangalia mama mkwe kwa macho gani?

Pikipiki ya marehemu baba ni ya miaka ya tisini. Breki ya mbele ililegea, mpaka uikamue kama ng'ombe ndio isimame. Jana nikatoa paipu yake ya mpira, iliyokuwa inatanuka, nikafunga ya nyaya za chuma zilizosukwa. Nilijisifu hadi bibi yangu akachoka.

Leo mamake, yaani mama mkwe, alikuwa anaenda matanga Rongo, magari yakakosekana.

Nikasema, "Mama, nitakupeleka. Breki ni mpya."

Sisi Wajaluo tunajua: wewe na mama mkwe hamgusani, hata kwa mkono. Kwa hivyo aliweka begi lake katikati yetu, akashika keria nyuma yake. Tukaenda polepole, kwa heshima zote.

Karibu na soko, mbuzi akaingia barabarani.

Mkono wangu ukasahau kuna paipu mpya. Nikakamua kama zamani.

Pikipiki ilisimama papo hapo. Mama hakusimama.

Begi liliruka. Nikasikia mikono miwili imenikumbatia kiunoni, na kidevu chake shingoni mwangu.

Soko lote likageuka kutuangalia. Halafu muuza omena mmoja akashangaa kwa Kijaluo, "Yawa!"

Mama alishuka, akafunga leso vizuri, akaokota begi, akamaliza safari kwa miguu. Mimi nikabaki nikiangalia tangi la mafuta.

(Mliokuwa sokoni, nawaomba mnyamaze. Wengine, nishaurini.)

Sasa hivi bibi amenipigia simu:

"Mama anasema hiyo breki ni nzuri sana. Anauliza kama unaweza kurudisha ile mbaya."