Mbuzi Aliyechinjwa Kabla ya Picha

Mimi shule niliacha mapema, na sioni aibu kusema. Hesabu nilijifunzia sokoni Thika, nikianza na karai moja la avokado kando ya barabara. Leo nina vyumba vya kupangisha Mwihoko na shamba Theta, na hakuna mwanamume aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuwa anatetemeka kwenye kiti cha plastiki katika kituo cha picha pale Ruiru, amevaa gauni la hospitali lililo wazi mbele.

Kilichonipeleka pale ni uvimbe katika titi la kushoto. Ulipoonekana ulikuwa mkubwa kama kokwa la avokado, na mgumu vivyo hivyo. Kansa. Daktari wa Thika akasema hatakata kwanza. Ataanza na dawa, ile kemo, uvimbe unywee, ndipo akate. Nipigwe picha ya MRI kabla ya kuanza, na nyingine nikimaliza, aziweke pamoja aone dawa imefanya nini. Ile ya kwanza nilipigwa kama mtu aliye usingizini. Nilikuwa bado sijaelewa nimeambiwa nini.

Kemo sitaieleza sana. Nywele zilianguka, kucha zikawa nyeusi, chai ikawa na ladha ya msumari. Lakini kila asubuhi nikioga niliubonyeza ule uvimbe. Avokado haiangaliwi rangi. Inabonyezwa karibu na kikonyo, taratibu, kwa kidole gumba, na kidole hiki ndicho kilichonijengea nyumba. Kwa hivyo nilijua ulipoanza kulainika. Nilijua ulipopungua. Asubuhi moja nikabonyeza, nikabonyeza tena, sikupata kitu.

Kwetu Mungu akikutendea jambo unaita watu na kumshukuru mbele yao. Sikungoja. Nilichinja mbuzi kule Theta, nikaita akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, nikasimama na kitambaa kichwani nikasema, "Imeisha." Wakapiga vigelegele. Rafiki yangu wa sokoni, muuza maharagwe ambaye tumekaa meza kwa meza tangu tukiwa wasichana, alilia mpaka akashikwa mabega.

Wageni walipoondoka, binti yangu alibaki akisugua masufuria.

"Mami, picha ni Jumanne," akasema.

"Ya nini? Hukunisikia nikisema imeisha?"

"Umeambiwa na nani?"

"Na kidole changu."

Hakuinua kichwa. "Broka akikuletea pickup ya avokado, unafanyaje?"

"Nabonyeza."

"Halafu?"

Alijua jibu. Mimi sijawahi kumlipa broka kabla ya kupasua moja nione ndani. Nimewafukuza wanaume wazima na mizigo yao kwa sababu ya doa jeusi ambalo kidole hakikuliona.

"Basi Jumanne twende tukapasue," akasema, na akaendelea kusugua.

Hapo ndipo woga ulipoingia, na haukutoka. Kabla ya kemo sikuwa na cha kupoteza, nilikuwa tayari nimehesabiwa mfu. Sasa nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba nimepona. Mashine ikisema la, nitakuwa nimempa Mungu shukrani ya kitu ambacho hajanipa, na kansa itakuwa imekula kemo ikashiba. Baada ya hapo kuna dawa gani tena?

Mhudumu wa mashine pale Ruiru alikuwa msichana mchangamfu, umri wa mjukuu wangu.

"Shosho, toa pete, hereni, na pini yoyote uliyo nayo. Mashine hii ni sumaku."

"Na ile mliyonipachika ndani?"

"Ipi?"

"Kile kijichuma. Kabla ya kemo daktari alinidunga kijichuma kama punje ya mtama ndani ya uvimbe. Sasa mnaniingiza kwenye sumaku."

"Ah, hicho hakivutwi, shosho. Kinaonyesha mahali uvimbe ulipokuwa, ili hata ukipotea daktari ajue pa kukata."

"Kikivutwa nitakufuata hata nikiwa maiti."

"Ukinifuata, uje na avokado," akasema. Binti yangu alikuwa ameshapiga domo huko nje kuhusu biashara yangu.

Walinilaza kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili, mikono mbele, uso kwenye mto. Wakanipa mpira wa kubonyeza nikishindwa. Kisha kitanda kikaingia ndani. Ile mashine inapiga kelele kama kinu cha posho kilichomeza jiwe. Inanyamaza, unadhani imekwisha, inaanza upya kwa sauti nyingine. Katikati nikasikia baridi ikipanda mkononi: dawa ya kuonyesha. Walikuwa wameniambia kwamba penye kansa hiyo dawa huingia upesi kuliko penye nyama nzuri. Nikalala pale nikiisikia inanitembea mwilini, ikinitafuta.

Ningependa kusema niliomba. Nilichokuwa naona ni yule mbuzi. Nilikuwa nimeukaza mkono juu ya mpira ule, na kitu kimoja tu ndicho kilichonizuia kuubonyeza: nilijua nikitoka humo sitarudi.

Majibu nilipewa na daktari wa Thika. Aliweka picha mbili kwenye kioo cha kompyuta. Ya kwanza ilikuwa na donge jeupe moja, kubwa, hata mimi nililiona. Kwenye ya pili donge halikuwako. Nikaanza kuvuta pumzi. Kisha akanionyesha kwa ncha ya kalamu: hapa, na hapa, na kule chini, vitu vidogo vyeupe kama makombo.

"Mkono wako haukukudanganya, mama," akasema. "Dawa imelivunja donge. Lakini halikunywea kuelekea katikati, limeacha vipande vimetawanyika. Mkono hauwezi kuvisikia."

"Si utakata kipande tu? Ulisema likipungua utakata kipande."

"Kama lingebaki mahali pamoja. Hivi lilivyosambaa, titi lote."

"Nikikataa?"

"Vitabaki humo. Dawa imevipiga, na huu ndio wakati wa kuvitoa."

Nikamuuliza kama nitakufa. Akaiweka kalamu mezani. Halafu akasema, "Siwezi kukuahidi. Lakini uko mahali pazuri kuliko siku uliyokuja."

 Binti yangu angeweza kunikumbusha ile avokado, na hakunikumbusha.

Titi likatolewa. Akina mama wa kikundi wakaja Theta kuniona, na safari hii ilikuwa chai tu. Mkono wa kushoto ulikuwa haujaanza kunyanyuka. Niliwaambia ukweli wote, jinsi picha ilivyosema.

"Kwa hivyo yule mbuzi tulimla wa nini?" mmoja akauliza.

"Wa donge kuvunjika. Makombo sikuwa nayajua."

"Basi tunakudai mbuzi mwingine."

"Ngojeni majibu ya ile nyama waliyokata. Na safari hii mtangoja kweli."

Wakacheka, nikacheka nao, lakini hayo majibu nilikuwa nayaogopa kuliko kisu.

Wakati wa kuondoa vikombe, rafiki yangu wa maharagwe alinifuata jikoni akafunga mlango. Akashika mkono wangu wa kulia, ule mzima, akauvuta kwenye blauzi yake, chini ya kwapa.

"Wewe unajua kubonyeza," akasema kwa sauti ndogo. "Hebu niambie kama ni kitu."

Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika kwenye kitambaa. Niliuvuta mkono kama umegusa jiko.

"Siwezi kukuambia," nikasema.

"Hata kubonyeza kidogo?"

"Hata kidogo. Kesho asubuhi nitakupitia, twende Thika."

Akaketi kwenye mtungi wa plastiki wa maji. Nikaketi kando yake. Wenzetu walikuwa wakituita sebuleni, tukawaacha waite.