Ndege Yule Hakupotea

Seremala wetu wa hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ametutoka, na kabla hatujamzika watu walikwishaanza kuulizana nani ni mtoto wake. Naandika nikiwa na hasira, wasomaji wangu mnivumilie. Ameacha binti mmoja ambaye hakumzaa yeye, na kwenye matanga binamu za marehemu walimzuia asiketi mkekani karibu na jeneza.

"Hapa banakaa batoto ba damu tu," alisema mkubwa wao, koti jeusi limembana kwapani.

Niliposikia hayo nilimkumbuka ndege mmoja. Ilikuwa wakati wa vita, watu wakirudi kidogo kidogo kutoka ng'ambo ya ziwa. Seremala alirudi peke yake, kwa kuwa kipindupindu kilimmalizia mke na watoto huko ukimbizini. Nyumba yake ilibaki kuta na kipande cha paa juu ya baraza. Mbayuwayu walikuwa na makinda hapo, na jirani yao alikuwa ndege mdogo mweusi na mweupe, yule anayetikisa mkia bila kuchoka. Upepo uliangusha kiota chake, makinda yake yakafa. Basi akaanza kuwapelekea wadudu makinda wa mbayuwayu, wazazi wao wapo wanamwangalia. Mimi nilicheka, nikasema ndege yule amepotea nyumba.

"Hapana, haikupotea," seremala alinijibu bila kushusha macho. "Angalia. Kila mara inarudia palepale."

Haukupita muda, wakimbizi waliopita njia ya Misisi, kusini mwetu, wakafika na mtoto wa kike waliyemwokota njiani, wa kabila ambalo siku zile tulilitaja kwa kunong'ona. Kila mlango ulifungwa. Seremala alimchukua, akampikia uji. Vijana wenye bunduki walipokuja kuuliza mtoto ni wa nani, alisimama mlangoni na nyundo mkononi.

"Iko wa hii nyumba. Kama munamutaka, mubebe na nyumba."

Nilikuwa ndani, nyuma yake. Vijana waliziangalia zile kuta, mmoja akacheka, wakaenda zao.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo mnamwambia nini matangani? Binamu yule mkubwa alimwambia hivi mbele yetu sote: "Weye ulipoteaka tu mu hii nyumba."

Binti alifuta uso kwa kitenge. "Mi sikupoteaka, baba mudogo. Kila mangaribi nilijuaka njia ya kurudia."

Kisha akaketi mkekani. Bamama wanaouza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni wakainuka mmoja mmoja, wakaja kuketi kumzunguka, mpaka mwenye koti akakosa pa kuweka mguu. Kaburini ni binti aliyetupa udongo wa kwanza, na nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kuliko inavyofaa msibani.

Mtoto ni wa yule anayerudi kwake na chakula, na mlango ukigongwa hasogei. Anayetaka kudai damu na atuambie siku ile ya bunduki damu yake ilikuwa wapi. Mimi nilikuwapo. Mlangoni nilimwona mtu mmoja tu.