Matundu Sita ya Vifungo

Harufu ya mafuta ya cherehani hunichafua roho hadi leo. Wengine wa rika langu wakiisikia hukumbuka sare mpya. Mimi hukumbuka Senta, jumba la mabati lililokuwa upande wa chini wa mji wa Busia, si mbali na barabara ya kwenda mpakani. Humo ilichanganyika na uji wa soya ulioungua, chaki na mikojo ya watoto wachanga. Watu wazima siku hizi huizungumzia Senta kana kwamba ilikuwa paradiso. Ni kweli ilisaidia. Watoto walipimwa uzito wakining'inia kwenye boriti kama kuku wa sokoni, wazee walifundishwa kusoma, na siku tatu kwa wiki wanawake walijifunza kushona. Lakini kabla ya kupewa kikombe cha uji ilibidi usimame, uonyeshe kucha, ushukuru kwa sauti hadi ukuta wa pili usikie. Mkono utoao ndio upatao, walituambia. Mkono upokeao hupata nini, hakuna aliyesema.

Mama yangu alikuwa Msamia aliyezaliwa ng'ambo, upande wa Uganda, akaolewa huku. Lugha ni ile ile, koo ni zile zile, na makaburi ya babu zake yalikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Lakini katika miaka hiyo ya sabini watu walikuwa wakivuka na mabunda vichwani, wakikimbia mateso ya kwao, na kuitwa "wa ng'ambo" lilikuwa tusi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alikuwa amelishika jembe miaka kumi na miwili, tena katika mashamba ya watu, na bado aliitwa mgeni. Pale Senta wanawake walisogea mbali alipoketi. Aliyebaki naye benchi moja ni Mama Zaituni peke yake, Mwislamu ambaye mumewe aliuza mafuta ya taa karibu na msikiti. Mama Zaituni alijua kutarizi kofia, na alimfundisha mama kushika sindano bila kujichoma. Walicheka pamoja kwa sauti ya chini, kama wasichana kanisani.

Msimu wa mvua ndefu, mwalimu wao, Madam Perpetua, alitangaza kwamba cherehani moja ya miguu itatolewa kwa mwanamke atakayeshona shati bora la mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Mama hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kwa cherehani angeacha kulima mashamba ya watu, angeketi kwenye baraza ya duka kama mafundi wanaume, na wale waliomwita mgeni wangemletea nguo zao. Kwa kuwa paa letu lilivuja, shati lake lilihifadhiwa kwa Mama Zaituni. Siku moja kabla ya mashindano, mama akiwa shambani kwa watu, nilitumwa kulichukua.

Nililifungua nikiwa nyumbani peke yangu. Lilikuwa shati zuri, ila matundu sita ya vifungo yalikuwa yamepinda, moja likiangalia juu, jingine likiangalia chini. Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Tangu utotoni kitu kilichopinda kinanikosesha hewa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimejifundisha kushona kwa siri, kwa kulifumua koti kuukuu la baba na kulishona upya migombani, mara nyingi nisizozikumbuka. Nilikaa mlangoni penye mwanga, nikafumua matundu yote sita na kuyashona tena. La tatu nililirudia mara tatu. Jua lilipoanza kushuka nililikunja shati, nikalifunga ndani ya leso kama nilivyolikuta. Asubuhi mama alilibeba bila kulifungua.

Nilikuwa nyuma kabisa ndani ya ukumbi na watoto wenzangu, kikombe cha uji mkononi, Madam Perpetua alipoliinua shati la mama dirishani. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Hii matundu, hata Nairobi huwezi pata," alisema.

Nitakiri: nilifurahi. Moyo ulinijaa kama nimetajwa kwa jina mbele ya shule nzima.

"Nani ameshona?"

"Ni mimi, Madam," mama alijibu.

"Wewe? Wiki iliyopita nimeona yako. Ilikuwa imepinda, lakini ilikuwa yako, na ningeihesabu. Leo umeniletea ya mtu." Akamtupia kitambaa na sindano. "Shona moja hapa. Tuone."

Mama aliliangalia shati kama mtu anayekuta mgeni kitandani kwake. Kisha alishona, na tundu likatoka limepinda.

"Sukari magendo, sabuni magendo," mwanamke mmoja alisema, "sasa hata mshono wa ng'ambo umepita kwa magendo!"

Jumba zima lilicheka. Mama Zaituni alisimama. "Madam, muhurumie, mkono wake umetetemeka tu."

"Keti, Mama Zaituni. Na wewe mama, enda. Usirudi."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nguo ile. Sentensi moja ingetosha: ni mimi. Niliushikilia uji mdomoni hadi ukapoa.

Hatujafika hata mlangoni, Mama Zaituni akapewa cherehani. Alitukimbilia njiani ili ampe pole mama.

"Shati lilikuwa kwako," mama alimwambia. "Umelifanya nini?"

"Wallahi sikuligusa, dada."

"Usiniite dada."

Mama alitema mate chini, akanishika mkono kwa nguvu. Nilimfuata.

Siku hizi nina miaka ishirini na minane. Senta imekuwa ghala la mahindi, mpakani watu wanavuka bila kutazamwa mara mbili, na hakuna anayemwita mama wa ng'ambo. Nimejifunza kuandika kama nilivyojifunza kushona, peke yangu kwa kufumua, na kurasa hizi nimezirudia mara kumi na moja. Mama bado analima, mgongo umeinama. Akimwona Mama Zaituni sokoni huvuka barabara. Sijamwambia. Kila mwaka nasema mwaka huu, kisha naona maneno hayajanyooka.

Juzi Mama Zaituni alinisimamisha, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi.

"Mwanangu, mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimu sana."