Zunguka Kwanza

Kwa miaka mingi nilimwonea aibu shemeji yangu. Silifichi hilo tena, maana limeshasemwa mahakamani mbele ya watu, na mimi mwenyewe ndiye niliyelisema.

Ni mdogo wa marehemu mume wangu, tumbo moja. Marehemu alikuwa mkaguzi wa shule, na akiingia darasani hata walimu walijikagua vifungo. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa sekondari ya wasichana mpaka nilipostaafu. Shemeji yeye alifundisha watu kuendesha gari, ndani ya kigari cheupe chenye mikwaruzo ubavuni, kibao juu ya paa, na breki mbili: moja ya mwanafunzi, moja yake. Wageni wakiuliza mdogo wa mkaguzi anafanya kazi gani, nilikuwa nasema, "Yuko kwenye elimu." Sikuwa nimedanganya.

Watu walimwita Mwalimu Zunguka. Kwake hakuna mwanafunzi aliyeshika ufunguo kabla ya kulizunguka gari kwa miguu, mzunguko mzima, akitaja kwa sauti kila anachokiona. "Mbele wazi. Tairi lina upepo. Ubavuni ndoo ya mtu. Nyuma paka, amelala." Vijana walizunguka, wafanyabiashara walizunguka, na daktari mmoja wa meno mwenye kitambi alizunguka akihema, akitangaza paka na ndoo huku wapita njia wakivunjika mbavu.

"Lakini mwalimu, si kuna vioo?" daktari alimwuliza siku moja.

"Kioo hakiwezi kuinama," shemeji akamjibu. "Wewe unaweza. Au kitambi kimekataa?"

Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi viatu aliyefanya kazi nje ya ukuta wa nyumba yangu, kando ya barabara. Urafiki wao ulianzia mguuni. Miaka yote ya kukanyaga breki ya mwalimu ilikuwa inakila kiatu cha kulia cha shemeji, soli inakwisha wakati cha kushoto bado kipya. Kila baada ya miezi michache alikuja amekishika mkononi, mguu mmoja una soksi tupu.

"Mwalimu," fundi alikuwa akimtania, "nitakutoza nusu bei. Wewe una mguu mmoja tu unaofanya kazi."

"Na huo mmoja ndio uliokufanya uwe hai mpaka leo. Wanafunzi wangu wanapita hapa kila siku."

Fundi hakuwa na mwamvuli. Alikuwa na kigoda kifupi, sanduku la zana, na desturi ya kuhama na kivuli. Asubuhi alikaa chini ya ukuta. Mchana, kivuli cha ukuta kilipokwisha, alihamia nyuma ya gari lolote lililoegeshwa hapo. Mara nyingi lilikuwa gari langu. Nilimwona mara nyingi, na mara nyingi nilimwomba ahame nipite, naye akasimama na kigoda chake akisema, "Samahani, mama mkuu."

Mjukuu wangu, msichana, alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake, binti yangu wa pekee, anafanya kazi nchi ya mbali, nami ndiye niliyemlea mtoto tangu ana miaka minne. Alitaka kujua gari, akapewa kibali cha kujifunza, na babu yake mdogo akamfundisha wiki kumi na moja. Kwa kibali kile aliruhusiwa kuendesha nje ya masomo, mradi pembeni yake awepo mtu mzima mwenye leseni. Mtu mzima huyo nilikuwa mimi.

Jumamosi moja shule yangu ya zamani ilikuwa inaupa ukumbi wake mpya jina la marehemu mume wangu. Nilivaa gauni nililolishonesha kwa ajili ya siku ile. Saa nane mchana tukatoka, tumeshachelewa. Mtoto akaanza mzunguko wake mbele ya gari. "Mbele wazi," akatangaza. "Tairi la kulia, sawa." Ng'ambo ya barabara majirani walikuwa wamekaa barazani. Mmoja akamwiga kwa sauti ya pua, "Tairi la kulia, saaawa!" na wote wakaangua kicheko.

Siku ya jina letu, na sisi tunachekwa.

"Acha kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia," nikamwambia. "Ingia twende."

"Bibi, babu amesema nisi..."

"Babu yako hayupo. Mimi nipo. Ingia!"

Akaingia. Akatazama vioo vyote vitatu, nakumbuka hilo vizuri. Kisha akarudi nyuma.

Fundi alikuwa ameinama, kiatu cha mtu kiko gotini. Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Polisi walipomwuliza mtoto kwa nini hakukagua nyuma, alijibu, "Nilisahau." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza.

Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake, kwamba mtoto aliyesahau atahurumiwa. Wakili tuliyemchukua naye alinitia moyo. Alisema atajenga hoja mbili: kwamba marehemu hakuwa na ruhusa ya kufanyia kazi kando ya barabara, na kwamba binti anatoka katika familia yenye heshima. Kosa lile lingeweza kumweka ndani hata miaka mitatu. Mtaani nako maneno yalikuwa mengine. Dukani nilimsikia mwanamke akisema, bila kupunguza sauti, "Watoto wa wakubwa wakiua wanaambiwa pole. Wa kwetu akiiba kuku, anaoza jela." Nilichukua mkate wangu nikaondoka. Mpaka leo nadhani mwanamke yule alikuwa na haki ya kusema.

Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa shemeji alikuja akakaa jikoni. Hakuzunguka mbuyu.

"Shemeji, yule mtoto hakusahau."

"Amesema mwenyewe amesahau."

"Nimemfundisha mimi. Yule anazunguka hata baiskeli. Juzi nimemwona analizunguka toroli la muuza maji. Nani alimwambia aache?"

Nikamimina chai. "Sukari vijiko vingapi?"

Akakivuta kikombe kwake. "Umenipikia chai miaka thelathini na nne, leo ndiyo unaniuliza sukari?"

Aliinywa bila sukari, akaosha kikombe chake mwenyewe, akaondoka.

Siku ya kesi mtoto alikiri kosa. Afisa wa ustawi wa jamii, kijana mpole mwenye mafaili mengi kuliko mikono, alisoma ripoti yake: binti halali vizuri, ameacha kula pamoja na wengine, na mara mbili amekutwa amekaa chini kwenye sehemu ile nje ya ukuta. Alipendekeza asifungwe, asimamiwe akiwa nyumbani. Wakili wetu akasimama na hoja yake ya ruhusa ya barabara. Hakimu, mama mmoja aliyevaa miwani yenye kamba, akamsikiliza mpaka mwisho kisha akasema angependa kwanza kumsikia mke wa marehemu.

Mke wa fundi alikuwa mwembamba, amejifunga khanga mbili, na hakulia.

"Mimi sheria siijui," alisema. "Nina swali moja tu. Huyu binti nilikuwa namwona kila nikimpelekea mume wangu chakula. Kila siku anazunguka gari. Mume wangu alikuwa anacheka, anasema, 'Mtazame, kama anakagua ng'ombe wa kununua.' Alikuwa anampenda kwa hilo. Alikuwa anakaa pale bila wasiwasi kwa sababu anajua atazungukwa. Sasa siku ile kwa nini hakuzunguka?"

"Nilisahau," mtoto akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye chini ya maji.

Mke wa fundi akatikisa kichwa. Hakuamini, na ilionekana.

Hapo shemeji akasimama bila kuitwa. Akaomba radhi, akaenda mbele. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imebanduka, na kila hatua ilipiga sakafu, pa, pa, pa, watu wakaanza kutabasamu. Hakuwa amekipeleka kwa fundi mwingine. Akatoa mfukoni kitambulisho chake cha ualimu wa udereva, akakiweka juu ya meza.

"Mheshimiwa, kama mwanafunzi wangu amesahau kuzunguka, basi sikumfundisha. Kosa ni la mwalimu. Chukueni hii. Mtoto mpunguzieni."

Miaka thelathini ya kazi, ameilaza mezani kama tiketi iliyotumika. Na alijua. Alijua vizuri kwamba hakuna aliyesahau. Alikuwa ananiachia mimi jina langu, analipa yeye kwa la kwake, yule niliyekuwa nawaambia wageni kwamba "yuko kwenye elimu". Kile kiatu kilipoanza kurudi kwenye kiti, pa, pa, miguu yangu ilininyanyua kabla sijaamua.

"Mheshimiwa, hakusahau. Alikuwa ameshaanza kuzunguka. Mimi ndiye niliyemwambia aache."

"Bibi, nyamaza!" mtoto akapiga kelele. Hakuna mtoto niliyemlea aliyewahi kuniambia neno hilo, na sijalichukia.

Hakimu akavua miwani. "Ulimwambia aache kwa nini?"

"Majirani walikuwa wanatucheka."

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Kiti cha mbele, kama msimamizi wake. Leseni ninayo miaka thelathini na moja."

"Ulifahamu marehemu hukaa wapi wakati wa mchana?"

"Nilifahamu, mheshimiwa."

Wakili wetu alikuwa na uso wa mtu aliyekalia kiti chenye maji. Nilimgeukia mke wa fundi, maana ndiye aliyeuliza. Nilitaka kusema kitu kizuri, na mimi nimehutubia mahafali ishirini na mawili, lakini lilitoka moja tu: "Nisamehe, mama."

Alikaza khanga yake kiunoni. Kisha akamwambia hakimu, "Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Wangeniambia amesahau, ningewachukia wote mpaka kufa. Mtoto ameambiwa na mkubwa, ametii. Hata wangu wangetii. Mimi sioni faida ya kumfunga."

"Unaomba asamehewe?"

"Sikusema hivyo. Asitoke hapa kama mtu aliyevunja kikombe. Kila anayekuja kwa huyu mzee kujifunza gari, huyu binti awepo, amwambie mume wangu alikuwa amekaa wapi. Aseme kwa mdomo wake."

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Mtoto hakufungwa. Alipewa miaka miwili chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi, haruhusiwi kushika usukani miaka mitano, na kila Jumamosi awe kwenye uwanja wa mafunzo wa shemeji, afanye kama mjane alivyoomba. Hakimu alisema wazi kwamba huruma ile ameitoa kwa mtoto kwa sababu ni mtoto, na kwamba mtu mzima asitegemee kivuli hicho. Alikuwa ananitazama mimi. Nilishtakiwa kwa upande wangu, leseni ikafutwa, nikapewa miezi sita ya kufagia uwanja wa zahanati. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wakipita na watoto mgongoni. "Shikamoo, mwalimu," wakasema, na mimi nikaitikia "Marahaba" kwa sauti ileile ya ofisini, ufagio mkononi. Mmoja alisimama akanisaidia kuzoa majani. Nilidhani wangelifuta jina la marehemu ukumbini. Hawakulifuta.

Shemeji alirudishiwa kitambulisho chake siku ileile ya hukumu. Hakimu alikisukuma mezani akasema, "Mwalimu, hiki ni chako. Wewe ulifundisha."

Jumamosi za mwanzo mtoto alisimama mbele ya wanafunzi bila neno kumtoka, shemeji akasubiri pembeni anabandua magamba ya rangi kwenye kibao chake, hamhimizi. Jumamosi ya nne alisema sentensi moja. Ya saba alimaliza. Aliporudi nyumbani siku hiyo alikula chakula mezani pamoja nami, akaongeza.

Wiki iliyopita miaka miwili ilitimia. Afisa wa ustawi akafunga faili, akampa mkono, akamwambia yuko huru na Jumamosi zake. Jumamosi iliyofuata nilimwona anavaa viatu asubuhi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa babu. Kuna wanafunzi wapya watano."

Nikafuatana naye kwa miguu, maana siku hizi miguu ndiyo gari langu. Na nikipewa lifti nalizunguka gari la watu kabla ya kupanda. Majirani wamenipa jina: Mama Zunguka. Nimelipokea.

Mke wa fundi alikuwa pale uwanjani, penye wateja. Kigoda na sanduku la zana ni vilevile, kazi amejifunza mwenyewe kwa kuharibu viatu vya ndugu zake, na shemeji amemsimikia mwamvuli mkubwa ili asihame na kivuli. Tulisalimiana. Hatujawa marafiki, lakini kiatu changu chenye kisigino kibovu kilikuwa kwenye foleni yake kama cha mtu mwingine yeyote.

Mjukuu wangu aliwaambia wale watano fundi alikuwa amekaa wapi. Kisha wa kwanza, kijana wa benki aliyevaa tai, akaanza kukizunguka kile kigari cheupe akinong'ona kwa haya.

"Sauti, kaka," mtoto akamwambia. "Wakicheka waache wacheke."

"Mbele wazi," kijana akatangaza. "Tairi lina upepo. Ubavu wazi." Akafika nyuma, akainama hasa, tai ikagusa vumbi. "Nyuma, hatua kumi na mbili, mama mmoja amekaa. Anashona kiatu."

"Na useme ni kiatu cha nani," mke wa fundi akasema bila kuinua kichwa. "Cha mwalimu wako, cha kulia. Cha kushoto hakijawahi kufika hapa."

Shemeji, amesimama na soksi moja, akacheka mpaka akajishikilia kwenye gari. Kijana wa benki akasubiri watulie. Kisha akamaliza mzunguko, ndipo akanyoosha mkono kuomba ufunguo.